Nilinunua majibu ya mtihani bila kunusa, mtaji wa mama ukaenda na maji

Na Mchangiaji Wetu, Kamembe

MAMA yangu ni mfanyabiashara wa sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Kila alfajiri hushuka ziwani kuwapokea wavuvi, na kabla hajatoa hata faranga moja huchota dagaa kiganjani, akawanusa, akawageuza, ndipo anapouliza bei. Tangu tuliporejea nyumbani kutoka Karagwe mwaka 2013, sijamwona hata siku moja akinunua ndoo bila kunusa.

Mimi mwanawe, mwenye cheti cha sekondari na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta hapa Kamembe, nilinunua bila kunusa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 nilitoa faranga 20,000 nikapewa flashi iliyojaa kile nilichoambiwa ni maswali na majibu ya mtihani wa usalama wa kompyuta. Kisha nikalipia mtihani wenyewe kwa fedha iliyozidi nusu milioni ya faranga. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilitoka kwenye zamu ya mama ya ikimina, yaani upatu wa kina mama wa sokoni. Nilifanya mtihani. Nikafeli.

Naandika haya kwa sababu tangu siku hiyo wamenijia vijana wengi, baadhi waliorejea kama mimi kutoka Tanzania, wengine waliokulia Bukavu, Uvira au Bujumbura, wakiuliza swali lilelile: nisome nini ili nifaulu? Wamenijia pia wazazi wanaouza nguo, unga na mafuta mpakani, ambao mtoto amewaomba dola 400 na hawajui kama ni za kweli au ni za kwenda kustarehe Kigali. Ndugu msomaji, kama wewe ni mmoja wa hao, tulia tuzungumze.

Ni mtihani gani huu?

Mtihani unaozungumzwa zaidi kwa anayeanza ni Security+, unaotolewa na CompTIA, kampuni ya Kimarekani ya mambo ya teknolojia ya habari. Si shahada ya chuo. Ni mtihani mmoja wa dakika 90, wenye maswali yasiyozidi 90. Mengi ni ya kuchagua jibu, na machache ni ya vitendo, ambapo unawekewa kwenye skrini mchoro wa mtandao au orodha ya kumbukumbu za seva na kuambiwa rekebisha au tafuta kosa. Alama huhesabiwa kuanzia 100 hadi 900, na wa kufaulu ni yule aliyefikisha 750. Cheti hudumu miaka mitatu, kisha lazima ukihuishe.

Hakuna anayekuzuia kuufanya kwa sababu huna digrii. CompTIA hushauri tu kwamba mtahiniwa awe na ujuzi wa mitandao na uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi. Hapo ndipo vijana wengi wa mpakani huona mlango umefunguka. Wengi wetu tumesoma vipande vipande, darasa la tano nchi hii, la saba nchi ile, na vyeti vya shule vimetawanyika. Cheti cha mtihani wa kimataifa hakiulizi ulisoma wapi, kinauliza unajua nini.

Kazi nazo zipo. Rwanda ilipitisha Sheria Namba 058/2021 ya Oktoba 13, 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi, na ikatoa miaka miwili kwa taasisi kujipanga. Tangu muda huo ulipokwisha, Oktoba 2023, kila anayehifadhi taarifa za watu, iwe hospitali, chama cha akiba na mikopo au hoteli yenye nakala za vitambulisho vya wageni, anawajibika kuzilinda. Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA, ndiyo inayosimamia. Taasisi hizo zinahitaji watu wanaojua kazi, na si wote wanaoweza kutoka Kigali.

Flashi ya elfu ishirini

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Aliyeniuzia flashi alikuwa mtu wa maneno matamu. "Ndugu yangu, usijisumbue na mavitabu," aliniambia. "Haya ndiyo maswali yenyewe. Kariri, nenda, faulu."

Nilikariri kwa miezi mitatu. Usiku mama alinikuta nikisema peke yangu kama mwanafunzi wa madrasa, "swali la 114 jibu ni C, swali la 115 jibu ni A." Hakuniuliza kitu, aliweka chai akaenda kulala.

Siku ya mtihani nilipanda gari la alfajiri kwenda Kigali, safari ya zaidi ya saa tano kupitia msitu wa Nyungwe na Huye. Nilipokaa mbele ya skrini, maswali matatu ya kwanza yalikuwa ya vitendo. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Nilitumia dakika 35 nikihangaika nayo. Yaliyofuata yalitaja mambo ambayo kwenye flashi hayakuwamo kabisa. Nilipomaliza, karatasi ilisema 612.

Niliporudi Kamembe ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kufanya kabla ya kulipa. Nilisoma jina la faili kwa makini. Lilikuwa limeandikwa SY0-501. Mtihani niliofanya ulikuwa SY0-701. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimekariri majibu ya mtihani uliokwisha kustaafishwa mwaka 2021.

Namba iliyoniumbua

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila mnunuzi wa kitabu cha mtihani huu lazima alijue. CompTIA hubadilisha mtihani kila baada ya miaka mitatu hivi, na kila toleo lina namba yake. SY0-501 ilianza Oktoba 2017. SY0-601 ilianza Novemba 2020 na ikafungwa Julai 31, 2024. SY0-701 ilizinduliwa Novemba 7, 2023. Ukiona mwendo huo, utaelewa kwamba kitabu kizuri sana cha kaka yako aliyefaulu mwaka 2021 kinaweza kuwa kimepitwa na wakati, hata kama jalada lake bado linang'aa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ingia kwenye ukurasa wa CompTIA wenyewe, tazama ni namba gani inayofanywa na itafungwa lini, kisha linganisha na namba iliyo jaladani. Kama muuzaji hana namba hiyo, au anakwambia "zote ni sawa tu," mshukuru uondoke.

Lakini hata kama majibu yangu ya flashi yangekuwa ya toleo jipya, bado ningekuwa nimekosea. Maswali yaliyoibwa kutoka chumba cha mtihani ni marufuku. Kila mtahiniwa hukubali masharti ya CompTIA kabla ya kuanza, na anayebainika kutumia maswali ya wizi anaweza kufutiwa cheti na kuzuiwa kufanya mitihani yao mingine. Tuseme hakukamatwa. Mwajiri atamkalisha mbele ya seva siku ya kwanza, na hapo swali la 114 halina C.

Muhtasari wa bure ambao wengi hawausomi

Baada ya kufeli nilikaa wiki mbili bila kugusa kompyuta. Aliyenirudisha ni mama. Alisema, "Mwanangu, wewe ulinunua samaki usiyemjua. Nenda kwanza ukajue samaki."

Samaki mwenyewe ni muhtasari wa mtihani. CompTIA huutoa bure kama faili la PDF, na humo wameorodhesha kila mada inayoweza kuulizwa. Kwa SY0-701 mada zimegawanywa mafungu matano na kila fungu lina uzito wake: misingi ya usalama asilimia 12, vitisho, udhaifu wa mifumo na namna ya kuupunguza asilimia 22, ujenzi wa mifumo salama asilimia 18, uendeshaji wa usalama wa kila siku asilimia 28, na usimamizi wa mpango mzima wa usalama, pamoja na sheria na tathmini ya hatari, asilimia 20.

Nilichapisha muhtasari huo kibandani na kuugeuza kuwa mizani. Nilikuwa na uwezo wa kusoma saa kumi kwa wiki, kwa wiki kumi. Hizo ni saa mia. Basi saa 28 zikaenda kwenye uendeshaji, 22 kwenye vitisho, 20 kwenye usimamizi, 18 kwenye ujenzi na 12 kwenye misingi. Kabla ya hapo ningetumia nusu ya muda wangu kwenye virusi, kwa kuwa ndivyo vinavyonipa riziki kibandani.

Kisha kila kitabu au video niliyoletewa niliipima kwa muhtasari ule. Nilichagua mada tano ngumu, moja kutoka kila fungu, nikaangalia kama zimeelezwa. Kitabu kisichokuwa na mada tatu kati ya tano nilikirudisha. Hiyo ndiyo kunusa.

Kitabu, video na maswali ya mazoezi

Wengi huuliza kipi bora. Uzoefu wangu ni kwamba hakuna kimoja kinachotosha, lakini pia huhitaji kumi. Vitatu vinatosha.

Cha kwanza ni video. James Messer, mwalimu wa Marekani anayejulikana kama Professor Messer, ametoa mafunzo yote ya SY0-701 bure kwenye YouTube, kwa vipande vifupi vinavyofuata muhtasari mada kwa mada. Kwa mtu wa Kamembe anayenunua data kwa megabaiti, ufupi huo ni neema. Unatazama mada moja, unazima, unaandika kwa maneno yako mwenyewe kwenye daftari.

Cha pili ni kitabu kimoja kamili. Mimi nilitumia kile cha Mike Chapple na David Seidl, cha kampuni ya Sybex, toleo la SY0-701. Kitabu kinakupa kina ambacho video fupi haina, na umeme ukikatika kinasomeka kwa mshumaa. Ukinunua, chukua kimoja ukimalize. Nimeona kijana ana vitabu sita kwenye simu na hajavuka sura ya pili ya chochote.

Cha tatu ni maswali ya mazoezi, ambayo si ya wizi. Tofauti ni rahisi kuiona. Maswali halali yameandikwa na mwalimu anayeweka jina lake, na kila jibu lina maelezo: kwa nini hili ni sahihi, na kwa nini yale matatu si sahihi. Ya wizi hukupa herufi tu. Mimi nilijiwekea kanuni: sihesabu nimepata mpaka niweze kumweleza mtu kwa nini majibu mengine matatu yamekataliwa.

Juu ya vitatu hivyo ongeza mikono. Kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inaweza kubeba programu ya VirtualBox, ambayo ni ya bure, na ndani yake ukaweka mfumo wa Linux wa kuchezea, ukauvunja na kuutengeneza upya. Wireshark, programu ya kutazama data inavyopita mtandaoni, nayo ni ya bure. Ila angalizo: jaribu kwenye vifaa vyako tu. Sheria Namba 60/2018 ya Agosti 22, 2018 inaadhibu kuingia kwenye kompyuta au mfumo wa mtu bila ruhusa, na "nilikuwa najifunza" si utetezi.

Kiswahili chetu na Kiingereza chao

Ugumu mkubwa kwa sisi tuliorejea ni lugha. Mtihani haufanywi kwa Kiswahili wala Kinyarwanda. Aliyesoma Bukavu ana Kifaransa, aliyesoma Karagwe ana Kiswahili cha shule ya msingi na Kiingereza cha kuungaunga. Nilichofanya ni kuzifunga mada kwenye mambo ninayoyajua, kwa Kiswahili, ndipo nikaweka juu yake neno la Kiingereza.

Chukua mfano wa daraja la Rusizi. Mtu anapofika mpakani husema kwanza yeye ni nani: huo ni utambulisho. Hutoa kitambulisho chake na ofisa hulinganisha picha na uso: huo ni uthibitisho. Kisha huambiwa anaruhusiwa kwenda wapi na kwa muda gani: hiyo ni idhini. Mwisho safari yake huingizwa kwenye kumbukumbu, ili kesho kukitokea jambo ijulikane nani alipita: huo ni uwajibikaji. Hatua hizo nne ndizo hizohizo anazopitia mfanyakazi anapoingia kwenye kompyuta ya benki. Mama anazijua zote bila kusoma kitabu.

Au chukua daftari lake la madeni. Hataki jirani alisome: hiyo ni siri. Hataki mtu afute 5,000 aandike 500: huo ni ukamilifu wa taarifa. Na anataka awe nalo siku ya kudai, lisiwe limeloa mvua: huo ni upatikanaji. Nguzo tatu za usalama wa kompyuta ni hizo, na mtihani mzima umesimama juu yake.

Nayo ile simu inayokuja saa mbili usiku, "mama, nimekutumia fedha kimakosa, naomba unirudishie," ni somo kamili la ulaghai wa kumhadaa mtu badala ya mashine. Wafanyabiashara wangapi wa soko la Kamembe hawajapigiwa?

Kama dola 400 hazipo

Si lazima uanze na mtihani wa ghali. Shirika la ISC2 lilianzisha mwaka 2022 cheti cha wanaoanza kabisa, kinachoitwa Certified in Cybersecurity, na likaahidi mafunzo na mtihani bure kwa watu milioni moja duniani. Masharti ya mpango kama huo hubadilika, hivyo soma ukurasa wao kabla ya kujiandikisha, na ujue kwamba anayefaulu hulipa ada ya uanachama ya dola 50 kila mwaka. Cisco nao, kupitia Networking Academy, wana somo la utangulizi wa usalama wa mtandao lisilolipiwa. Kijana aliyemaliza hilo kwa wiki chache atajua kama kazi hii anaipenda, kabla hajagusa upatu wa mzazi wake.

Kwa mzazi nasema hivi: usitoe fedha ya mtihani mpaka mtoto akuonyeshe muhtasari uliochapishwa wenye alama za kalamu, daftari lililoandikwa kwa mkono wake, na matokeo ya mazoezi matatu tofauti, kila moja zaidi ya asilimia 80. Huhitaji kuelewa kilichomo. Ukimwona anakasirika, ujue hana.

Ujue pia kwamba ukifeli Security+ mara ya kwanza, unaweza kurudia hata siku zinazofuata, lakini unalipa upya yote. Mara ya tatu lazima usubiri siku 14. Fedha ya kurudia ihesabiwe tangu mwanzo.

Mara ya pili

Mimi nilirudi Kigali Desemba 2024. Fedha safari hii ilikuwa yangu, niliyoikusanya kibandani kwa kubadilisha vioo vya simu. Maswali ya vitendo yalipotokea mwanzoni, niliyaruka, nikayarudia mwisho nikiwa na dakika 20 mkononi. Karatasi ilisema 768.

Sikupata utajiri. Nilipata kazi ya muda ya kulinda kompyuta za ofisi moja ndogo hapa mjini. Februari 2025, mapigano yalipofika Bukavu na biashara ya mpakani ikayumba, kwa wiki kadhaa mshahara huo ndio ulionunua chakula nyumbani. Fedha ya upatu wa mama nimekwisha kuirudisha, kidogo kidogo.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia kibandani na flashi. Alitaka nimtazamie kama ni nzuri, kwa kuwa muuzaji alimpa hadi jioni aamue. Mama alikuwa amekaa pale akisubiri simu yake ichajiwe. Kabla sijafungua mdomo, alimuuliza, "Mwanangu, hiyo ni namba ngapi?"

Kijana hakujua. Mama akamwambia arudishe flashi ya watu.